Sura ya Sita: Weupe wa Aina Tatu

Kabla hujafungua kopo la rangi, amua mambo mawili: gari hili lipo mwaka gani, na linakwenda wapi. Katika sura zilizotangulia tumekata bodi, tumenyoosha kona na tumefunga ekseli mpaka matairi yanazunguka bila kuyumba. Kilichopo mezani sasa ni Toyota Coaster ya skeli ya 1:24. Coaster ndefu ina karibu mita 7, kwa hiyo yetu ina sentimita 29, imepigwa msasa, imepakwa nyeupe, na haina hata alama ya kidole. Mtu akiiona atasema ni kigari kizuri, kisha ataendelea na yake. Sisi tunamtaka asimame, ainame, atafute kibao cha njia.

Mafundi wengi wakifika hapa huanza kuongeza. Kutu kidogo mlangoni, tope kwenye tairi, stika tano kiooni, bendera mbili, mzigo juu ya paa. Gari linajaa vitu na bado halisadikiki. Kwenye gari la kweli kila alama ina chanzo: kuna mkono ulioshika, maji yaliyotuama, jua lililopiga, fundi aliyebandika kipande harakaharaka ili gari lirudi barabarani kabla ya jioni. Ukikijua chanzo, utajua pia alama ikae wapi, iwe kubwa kiasi gani na iishie wapi. Usipokijua, iache. Yote yanayofuata katika sura hii yanatokana na hilo.

Nimechagua daladala kwa makusudi. Hakuna gari jijini linaloguswa na watu wengi kuliko hilo, na hakuna linalojulikana zaidi. Ukikosea kwenye Ferrari, watakaogundua ni wachache. Ukikosea kwenye Coaster ya Mbagala–Kariakoo, muuza ndizi wa Mnazi Mmoja atakusahihisha.

Mwaka kwanza

Dar es Salaam hubadilisha magari yake upesi, na wakazi wake wanakumbuka kila zamu. Wazee wanazikumbuka Ikarus kutoka Hungary zilizokuwa za UDA, shirika lililoundwa mwaka 1974. Waliopanda magari baada ya mwaka 1983, daladala za watu binafsi ziliporuhusiwa rasmi, wanazikumbuka chai maharage, zile pikapu zilizojengewa bodi nyuma, abiria wakikaa wametazamana. Kisha vipanya, yaani Hiace, vikajaa kila kona, mpaka viliposukumwa pembezoni na Coaster zikashika katikati ya mji. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia yake katikati ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani. Ukitengeneza kipande cha barabara chini ya modeli yako na kuiweka Coaster ikipakia abiria katikati ya Msimbazi, ama mandhari yako ni ya kabla ya hapo, ama dereva wako anatafuta faini.

Namba ya gari ndiyo inayowakamata wengi. Mfumo wa sasa, wenye T, tarakimu tatu na herufi tatu, unakwenda kwa mfuatano, na ndiyo maana madalali wa magari hutangaza "namba D" au "namba E" kabla hata ya kutaja rangi. Hiace ya mandhari ya mwaka 2005 yenye namba D ni uongo unaoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kibao chenyewe kiwe cheupe chenye maandishi meusi, kwa kuwa daladala ni gari la biashara. Cha njano ni cha gari la mtu binafsi. Kibao kirefu cha nusu mita kinakuwa na milimita 21 hivi kwa skeli yetu. Kichapishe kwenye karatasi nyembamba, kibandike juu ya foili, kisha kipinde kona moja kwa kucha. Vibao vya mbele vya daladala vimebusu bampa nyingi za wenzao kwenye foleni.

Kioo cha mbele nacho kina tarehe zake. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na makusanyo yakahamishiwa kwenye mafuta. Kwa hiyo gari la mwaka 2012 lina stika hiyo, na la mwaka 2020 haliihitaji. Nembo ya SUMATRA, mdhibiti wa usafiri, inakubalika mpaka mwaka 2019, LATRA ilipochukua kazi yake. Stika ya Nenda kwa Usalama ikibanduliwa vibaya huacha gundi, na gundi hushika vumbi, hivyo pembeni ya stika mpya panabaki kimraba cha kijivu. Kimraba hicho hakikugharimu kitu, na kinaeleza zaidi ya miaka miwili ya maisha ya gari.

Hata konda ana mwaka wake. Sarafu ya shilingi 500 ilianza kutumika mwaka 2014. Kabla ya hapo mia tano ilikuwa noti, na konda alizikunja kwa urefu akazipanga katikati ya vidole. Noti kwa 1:24 ina milimita 5. Vipande vinne vya karatasi ya rangi vinatosha kuujaza mkono.

Unene, punje na mng'ao

Watu wakisikia skeli hufikiria urefu na upana. Unene husahauliwa, na ndio unaoifanya modeli ionekane kitu cha kuchezea. Bati la bodi ya gari lina kama milimita 0.8. Gawanya kwa 24 upate 0.03, unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Ubavu wa kopo la soda una takribani milimita 0.1, na ukiutumia ulivyo unakuwa bati la milimita 2.4, ambalo hakuna kiwanda cha magari ya abiria kingelikubali. Huwezi kujenga bodi nzima kwa unene wa kweli, wala huna haja. Jicho huhukumu ukingo. Pale bati linapoishia, kwenye tao la madigadi, mdomo wa bampa na fremu ya dirisha, lichonge kwa upande wa ndani kwa tupa ya kucha mpaka ukingo uwe mwembamba, halafu sehemu nyingine zibaki nene kama zilivyo. Foili ya jikoni ni nyembamba kuliko hata bati halisi kwa skeli hii, kwa hiyo itumie kwa chochote kilichokunjika au kupinda.

Vumbi lina hesabu hiyohiyo. Punje ya mchanga ya nusu milimita, ukiibandika kwenye tairi la 1:24, inakuwa kokoto ya milimita 12. Ndiyo maana mchanga wa uani ukinyunyizwa moja kwa moja hufanya gari lionekane limefukiwa kwenye kifusi. Saga mkaa, chaki na kipande cha tofali, kila kimoja peke yake, kisha upitishe unga wake kwenye soksi ya nailoni. Udongo wa Kariakoo una rangi ya mchanga uliochanganyika na moshi, kijivu kinachoelekea kahawia. Wekundu wa Dodoma au Singida uuweke kwenye mabasi ya mikoani.

Mng'ao pia hupungua. Gari jipya la kweli hung'aa, lakini modeli iliyopakwa rangi yenye mng'ao uleule huonekana imelowa maji. Kitu kidogo, kwa kuwa hakina hewa na mwanga mwingi kati yake na jicho, huonekana pia kimekolea rangi kuliko kikubwa. Kwa hiyo punguza mng'ao kwa vanishi ya kati, na uongeze tone la nyeupe kwenye kila rangi iliyokolea. Nyeusi ya tairi iwe kijivu cha giza. Mistari ya milango usiijaze wino mweusi. Tumia kahawia ya kijivu iliyozimuliwa kwa tina mpaka inatiririka yenyewe kwenye mfereji, na chini yake pawe na vanishi ya aina nyingine isiyoyeyuka kwa tina hiyo, la sivyo utaondoa kazi ya wiki kwa kitambaa kimoja.

Madukani

Vifaa maalumu vya modeli kutoka Japani ni vizuri, na ukiwa na ndugu anayesafiri mwagize. Lakini mtu aliye Kariakoo hana sababu ya kusubiri meli. Anza kwenye maduka ya vipodozi. Jeli ya kucha isiyo na rangi, inayokaushwa kwa taa, ukiidondosha tone moja kwenye tundu la taa ya mbele inakauka na kuwa kioo chenye tumbo; ile nyekundu na ya machungwa inayopitisha mwanga ni taa za nyuma na indiketa. Unga wa kromu wa kucha, ukiusugua juu ya rangi nyeusi inayong'aa, hutoa saiti mira na vikombe vya nati ambavyo brashi haiwezi kuvifikia. Dawa ya kupuliza nywele tutaihitaji kwenye kutu. Tahadhari moja: asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki, na baadhi ya rangi za kucha hufanya hivyo pia. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Mafundi simu wana waya wa shaba uliopakwa vanishi, mwembamba wa kama milimita 0.1, ambao kwa skeli yetu ni nyaya za umeme zinazoning'inia chini ya dashibodi ya kila daladala ya umri wa kati. Wana pia koleo ndogo ambazo hazishindwi na chochote. Maduka ya vifaa vya cherehani yana pini: kichwa cha milimita 1.5 kinakuwa kirungu cha gia cha milimita 36, saizi ileile dereva anayoishika kiganjani. Gundi ya supa gluu itumie popote isipokuwa karibu na vioo, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Madirisha yabandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao.

Kwa anayeona aibu kutumia rangi ambayo haikukusudiwa kwa kazi hii, Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo mzima wa uchoraji jijini humu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao za dari. Rangi hiyo ilikuwepo, ilikuwa rahisi, na iling'aa.

Kuna mabingwa wengine ambao vitabu vya modeli haviwataji. Watoto wanaotengeneza magari ya waya na makopo, matairi ya kandambili zilizochoka, usukani wa waya mrefu unaofika kiunoni, hawapimi chochote kwa rula. Lakini angalia wanachochagua kuweka: vioo vya pembeni, antena inayotikisika, vipande vya mpira vinavyopepea nyuma ya tairi. Mtoto anaweka kinachocheza gari likikimbia. Ameliona gari likiwa kazini, wakati sisi wenye kalipa tunaliona limeegeshwa.

Sio nyeupe moja

Sasa tuirudie Coaster yetu nyeupe. Kosa kubwa zaidi juu ya meza si kutu iliyozidi. Ni weupe mmoja, uliotoka kwenye kopo moja, kutoka bampa mpaka bampa.

Magari haya yalianza maisha Japani. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani na mlango wa abiria viko pale tunapovitaka, na boksi la modeli la Kijapani, mfano Hiace za Aoshima za 1:24, halihitaji kupinduliwa. Huko Coaster ilibeba wageni wa hoteli au watoto wa chekechea. Ilipofika bandarini ilikuwa na weupe wa kiwandani, ambao umetulia na kuelekea kidogo kwenye krimu. Ubavuni pengine palikuwa na herufi za Kijapani. Zikifutwa, rangi iliyokuwa chini yake inabaki mpya kuliko ya pembeni, na jina la hoteli ya mbali linasomeka kwa kivuli tu. Ndani, juu ya mlango, maelezo ya Kijapani ya kufungua wakati wa dharura hubaki miaka yote, hayasomwi na yeyote. Yachapishe madogo kabisa. Ni undani wa kweli usio na mpinzani, na ni wachache wanaoukumbuka.

Weupe wa pili ni wa fundi rangi wa hapa. Gari limegongwa, limenyooshwa, limepakwa puti, limepigwa rangi upande mmoja. Weupe huu ni mkali, una ubluu kidogo, na chini yake bati halikunyooka sawasawa. Kwenye modeli, puti inayofaa ni tabaka jembamba unalolisugua kwa kidole badala ya msasa, ili pabaki mawimbi ambayo mwanga wa pembeni utayaonyesha. Mpaka wa rangi hii usiupitishe katikati ya bati. Fundi husimama kwenye mstari wa mlango au chini ya raba ya dirisha, na mara nyingine raba yenyewe hupata ukungu wa nyeupe kwa sababu gazeti alilofunikia lilipeperuka.

Weupe wa tatu umetoka kwenye gari jingine. Mlango, au kifuniko cha injini, umenunuliwa kwa wauza spea za mtumba kuelekea Ilala, ukafungwa siku hiyohiyo. Hauna ukanda wa rangi ya njia, kwa sababu ukanda ulikatikia pale mlango wa zamani ulipokuwa. Au unao, wa njia nyingine. Hapo ndipo mtazamaji wa Dar es Salaam anapocheka, kwa kuwa ukanda wa rangi ubavuni ndio unaomwambia abiria gari linakwenda wapi kabla hajasoma kibao. Milimita 8 za rangi isiyo yake, na gari lina historia.

Changanya aina hizi tatu za weupe kutoka kopo moja: tone la njano iliyokolea kwa ya kwanza, tone la bluu kwa ya pili, kijivu kidogo kwa ya tatu. Tofauti iwe ndogo kiasi kwamba wewe mwenyewe una wasiwasi kama itaonekana. Itaonekana.

Napendelea kazi hii kuliko kutu, na nadhani ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa biashara. Mwenye daladala anataka hesabu yake jioni. Gari lililooza halipiti mbele ya trafiki, na lililolala gereji haliingizi kitu. Kwa hiyo daladala inarekebishwa kila mara, kwa bei ndogo, kwa kilichopatikana. Taa ya nyuma imefungwa kwa solatepu nyekundu. Matairi matatu yana vikombe vya nati, moja halina. Bampa la mbele lina nati mpya inayong'aa kati ya tatu zilizoshika kutu.

Kutu inapostahili

Hata hivyo hapa ni pwani, na chumvi haina huruma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, ndiyo sababu rangi hufura kwanza, kisha hupasuka. Nayo huanzia ndani, mahali maji yanapotuama: ukingo wa chini wa mlango ambao matundu yake ya kutolea maji yamezibwa na vumbi, nyuma ya tao la tairi, chini ya raba ya kioo. Katikati ya bati, palipo wazi kwa jua na upepo, hakuna sababu ya kutu isipokuwa pamegongwa. Gari linalovuka kwa pantoni kwenda Kigamboni liwe na kutu zaidi chini, kwenye chasisi, kuliko la Gongo la Mboto.

Mbinu ni rahisi. Paka kahawia ya giza mahali palipochaguliwa, gusia rangi ya machungwa kidogo pembeni, kwa kuwa kutu changa ina wekundu wa kung'aa na ya zamani ni nyeusi-nyeusi. Ikikauka, puliza dawa ya nywele, lowesha kwa tone la maji, bandika punje chache za chumvi ya jikoni, na upulize nyeupe juu yake. Baada ya nusu saa sugua kwa brashi ngumu yenye maji. Chumvi inatoka na vipande vya rangi, na kingo zinabaki zimechanika ovyo, jambo ambalo mkono wenye brashi hauwezi kuiga. Usizidishe punje. Sehemu mbili zenye kutu ya kusadikika zinatosha gari zima.

Wakati wa masika Bonde la Msimbazi hujaa, na karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imewahi kufunikwa na maji zaidi ya mara moja. Basi lililosimama kwenye mafuriko lina mstari mnyoofu wa tope, wa kimo kimoja kuzunguka bodi nzima, hata ndani. Basi lililopita kwenye dimbwi lina tope lililorushwa nyuma ya kila tairi, zito chini na jepesi juu. Watu huchanganya alama hizi mbili. Za kwanza zipakwe kwa kulitumbukiza gari kwenye beseni la maji yenye udongo, kweli kabisa; za pili kwa kupiga brashi dhidi ya kijiti.

Nyuma ya gari la umbo la boksi huvuta vumbi, kwa sababu hewa inayopasuliwa mbele huacha pengo nyuma na vumbi hurudi kulijaza. Kwa hiyo kioo cha nyuma kiwe kichafu kuliko cha pembeni. Kwenye kioo cha mbele, kata karatasi ya gundi kwa umbo la tao la waipa, ibandike, puliza vumbi, ibandue.

Mikono

Uchakavu wa daladala ni wa mikono zaidi kuliko wa hali ya hewa. Konda akisimama mlangoni hupiga bodi kwa kiganja kumwambia dereva aondoke au asimame, siku nzima, mahali palepale, nyuma kidogo ya mlango. Pale rangi haichubuki tu. Inasuguliwa na jasho na mafuta ya mkono mpaka inang'aa. Kwenye bodi uliyoipunguza mng'ao, duara la sentimita 1 lililosuguliwa kwa kidole chenye vanishi kidogo litafanya kazi hiyo. Bomba la karibu na mlango limekwisha rangi kwa nusu ya urefu wake, lile la nyuma kabisa bado lina ya kwake. Ngazi imelika katikati, pembeni bado ina mistari ya raba. Kiti cha dereva kimechanika upande wa kulia, anakoingilia na kutokea.

Maandishi na stika huja mwishoni, na jua liko juu yake. Wekundu na njano hufifia kabla ya bluu. Kwa mtaa wenye makao ya Simba upande wa Msimbazi na ya Yanga upande wa Jangwani, hili si dogo: stika ya Simba ya miaka mitatu ni ya waridi, na kijani cha Yanga, njano yake ikishaondoka, kinaelekea kwenye bluu. Mpenzi wa timu yoyote kati ya hizo ataliona hilo kabla ya kuona kingine chochote kwenye modeli yako. Kuhusu maneno ya kioo cha nyuma, "Riziki Mafungu Saba" au mengineyo, yaandikwe kwa mkono na herufi ya mwisho ibanwe kidogo, kwa sababu mwandishi alianza kwa herufi kubwa na kioo kikamwishia.

Paa

Gari la kweli tunalitazama tukiwa tumesimama kando yake. Modeli iko mezani, na kitu cha kwanza mtu anachokiona ni paa, sehemu ambayo abiria wa Coaster hajawahi kuiona. Ndiyo maana mapaa ya modeli huwa matupu: mtengenezaji hana kumbukumbu nayo. Panda ghorofa lolote la Kariakoo lenye ngazi za nje, ukae juu ya Uhuru au Msimbazi, utazame chini.

Utaona kwamba paa ndilo lililochoka kuliko sehemu zote. Jua la mwaka mzima limeitafuna vanishi, ikabaki ramani ya mabaka yasiyong'aa. Fundi rangi aliyepaka ubavu hakupanda juu, kwa hiyo weupe wa Japani umebaki huko peke yake. Mfereji wa pembeni una majani yaliyooza, na chini yake ubavuni kuna michirizi ya kijivu iliyoshuka wima baada ya kila mvua. Na kuna kinyesi cha kunguru. Ndege hawa waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka, na Dar es Salaam imeshindwa kuwahamisha. Nukta mbili tatu za nyeupe zenye kijivu katikati zinatosha.

Picha

Modeli ikikamilika, ipige picha nje. Mmarekani Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018, aliweka magari ya 1:24 juu ya meza mbele ya nyumba na miti ya kweli, akapiga kwa kamera ya kawaida, na watu wakaamini wanaona mji wa zamani aliouita Elgin Park. Siri ilikuwa pembe ya kuona. Modeli iliyo sentimita 50 kutoka kwenye lenzi inachukua nafasi ileile kwenye picha kama gari halisi lililo mita 12 mbele yako. Kwa hiyo jengo lililo mita 30 nyuma ya meza linaonekana lipo hasa pale linapopaswa kuwa.

Kamera iwe chini. Jicho la mtu mzima liko kama sentimita 160 kutoka ardhini, na kwa skeli yetu hiyo ni sentimita 6.7 juu ya meza. Simu iliyogeuzwa juu chini, lenzi ikigusa karibu na ubao, inafika hapo. Lenzi ya simu ina faida nyingine, kwamba hushika vizuri karibu na mbali kwa pamoja. Ukingo wa meza ufiche pale unapokutana na barabara ya kweli, na kivuli cha gari kianguke upande uleule na kivuli cha nguzo za umeme.

Nenda Jumapili asubuhi mapema, maduka yakiwa bado yamefungwa, na mwombe ruhusa mlinzi wa jengo kabla ya kukunjua meza. Kufikia saa nne wachuuzi watakuwa wametandaza bidhaa hadi ukingoni mwa lami, nawe ukiwa na meza yako katikati yao utaulizwa bei, kisha utaulizwa kama zipo na za njia ya Tegeta.